Mgonjwa Ana Sitara, Ofisi Haina



Ndugu zangu na dada zangu wa Kisii na Nyamira, na nyinyi mnaotufuata kwa simu kutoka kwingineko. Alhamdulillah kwa uhai na afya. Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wetu baada ya swala ya Alasiri. Wengi wameomba niyaweke hapa ukurasani wayasome kwa utulivu, na nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

Swali letu lilikuwa hili: janga likiingia, kama Korona ilivyoingia, kamera za habari ziruhusiwe kupiga picha ndani ya hospitali au zizuiwe?

Mkagawanyika. Upande mmoja ukasema ziingie, watu waone, maana Mkenya haamini mpaka aone. Upande wa pili ukasema la, mgonjwa si sinema. Nikawasikiliza nyote, na kila upande una haki yake. Lakini naona tunabishana kana kwamba hospitali ni kitu kimoja. Ndani ya hospitali mna vitu viwili. Kuna mgonjwa kitandani, na kuna ofisi inayosimamia kitanda hicho, dawa, oksijeni na mishahara. Jibu langu ni hili, na nitalieleza: mgonjwa ana sitara, ofisi haina sitara. Tukishika hilo, mengi yatanyooka.

Tuanze na wanaotaka kamera, kwa sababu hoja yao si ndogo.

Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini tarehe 13 Machi 2020. Mnakumbuka stori za wakati ule. Ati ni ugonjwa wa Nairobi na Mombasa. Ati ni wa watu wa ndege. Ati hali ya hewa ya milima yetu hairuhusu. Daraja Mbili soko liliendelea kujaa, na Keroka siku ya soko ungedhani ni mwaka mwingine kabisa. Watu hawakuona, kwa hiyo hawakuamini.

Mwezi huohuo, huko Italia, runinga ya Sky News ya Uingereza iliingia katika hospitali kuu ya mji wa Bergamo. Dunia ikaona wodi zimejaa, madaktari wamechoka, watu wanapigania pumzi. Wengi waliokuwa wakifanya mzaha walinyamaza siku hiyo. Hatuwezi kusema picha ile haikufaa kitu.

Na tazameni jirani zetu. Tanzania iliacha kutoa takwimu baada ya kufika wagonjwa 509 mwaka huo wa 2020. Habari zilipofungwa, je, watu waliacha kuzungumza? Hapana. Walibaki na klipu za mazishi ya usiku na minong'ono, kila mtu na namba yake. Ukifunga mlango wa habari, uvumi unaingia kwa dirisha.

Dini yetu pia haitufundishi kufumba macho. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa safarini kwenda Sham, alikutana na makamanda wake njiani wakamwambia wazi: kuna tauni. Hawakumficha ili asikasirike. Akawaita Muhajirina, akawaita Ansari, akawaita wazee wa Kikureshi, wakashauriana. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu ardhi yenye tauni, na Umar akarudi. Ule uamuzi uliookoa watu ulisimama juu ya habari ya kweli iliyofika kwa wakati. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba Uislamu unataka janga lifichwe.

Sasa tugeukie upande wa pili.

Wanaosema mgonjwa si sinema wanajua tunakoishi. Nairobi ni kubwa. Uso ukionekana kwenye taarifa ya saa moja, kesho umesahaulika. Hapa Kisii na Nyamira si hivyo. Na sisi Waislamu huku ni wachache. Mwanamke mmoja wa hijabu akionyeshwa amelazwa wodini Kisii, kabla taarifa haijaisha mtaa wa Nubia wote unajua ni mama wa nani. Hata wakifunika uso wake kwa ukungu. Leso inajulikana. Sauti ya kukohoa inajulikana. Mwanawe aliyesimama kando na mkoba anajulikana.

Halafu kuna jambo ambalo wapiga picha wengi hawalifikirii. Mgonjwa wa kupumua kwa shida havai anavyotaka. Mtandio umetolewa, kifua kiko wazi kwa sababu ya vipimo, uso una barakoa ya oksijeni. Mama aliyejistiri miaka sitini, leo hana nguvu ya kuvuta shuka. Ndiyo siku hiyo tumpige picha?

Na madhara hayaishi kwenye aibu. Kuna familia moja tuliyoitembelea wakati ule, sitaitaja wala kijiji. Klipu ya mzee wao wodini ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Haikupigwa na mwandishi wa habari. Ilipigwa kwa simu na mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa mwingine. Mzee alipona, Alhamdulillah. Lakini wateja waliokuwa wakinunua maziwa pale nyumbani waliacha kuja, na watoto wakaitwa kwa jina la ugonjwa njiani. Ugonjwa ulikaa wiki chache. Jina lilikaa zaidi ya mwaka.

Mnadhani hilo ni jambo dogo? Huku kwetu tunajua tuhuma inaweza kufika wapi. Oktoba 2021, hapo Marani, akina mama wazee wanne waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Watu wa Gusii ni watu wema, lakini hofu ikikutana na kidole kinachoelekezwa kwa mtu, damu inaweza kumwagika. Kamera inayoonyesha mgonjwa wa ugonjwa wa kuogopwa ni kidole.

Hata mtu akikubali mwenyewe, bado kuna hatari. Mnamkumbuka yule dada aliyetangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza kupona Kenya, Aprili 2020. Alijitokeza kwa hiari yake, akazungumza na Rais kwenye runinga, nia ikiwa kuwapa watu matumaini. Walichomlipa Wakenya mitandaoni ni matusi, na picha zake za faragha zikasambazwa, mpaka Waziri wa Afya akataka wahusika wakamatwe. Huyo alikubali akiwa mzima, amesimama. Je, aliyelala na hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta?

Hapo ndipo panaponiuma kuhusu neno ridhaa. Mwandishi anakuja na daktari mkuu, wamevaa mavazi ya kujikinga, wanamuuliza mgonjwa, "Mama, tunaweza kukupiga picha?" Mama anatazama mkono ulioshika mtungi wa oksijeni. Atasema nini? Atasema ndiyo. Angesema ndiyo kwa chochote. Ridhaa ya mtu anayeogopa kunyimwa pumzi si ridhaa. Ridhaa ya kweli inaombwa na mtu asiye na mamlaka juu ya matibabu yake, mgonjwa akiwa na akili timamu, na inaweza kuondolewa kesho yake kabla picha haijatoka. Ikiwa hayo hayawezekani, picha iachwe.

Na tusidanganyane, sitara haigawanywi sawa. Gavana wa Nyamira, marehemu John Nyagarama, alilazwa hospitalini Nairobi na akafariki Desemba 2020. Sikuona kamera yoyote ikituletea picha ya kitanda chake. Vizuri, hiyo ni heshima anayostahili kila mwanadamu. Basi mama wa Magombo na mzee wa Suneka nao wapewe heshima ileile. Kama mlango wa gavana ulifungwa, mlango wa wodi ya umma usiwe wazi kwa sababu tu aliye ndani hana wakili.

Sheria iko upande wao. Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinalinda heshima ya kila mtu. Kifungu cha 31 kinalinda faragha. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri: hali yake, matibabu yake, hata kule kulazwa kwake tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Na maadili ya uanahabari yaliyowekwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 yanamtaka mwandishi ajitambulishe hospitalini na apate ruhusa kabla ya kuingia sehemu zisizo za umma.

Na kabla ya sheria zote hizo, sisi tulishafundishwa. Mtume (S.A.W.) alituambia kwamba anayemsitiri ndugu yake, Allah atamsitiri Siku ya Kiyama. Sura ya Al-Hujurat inatukataza kuchunguzana aibu. Mwili wa Muislamu una heshima akiwa hai na akiwa maiti. Sisi ndio tunaoosha maiti nyuma ya pazia na kumfunika wakati wa kumuosha. Itakuwaje tumwanike akiwa bado anapumua?

Sasa ngojeni. Najua wako maafisa watakaosoma mpaka hapa na kufurahi. Watasema, "Mmesikia vijana? Kamera zikae nje." Hapana. Hapo ndipo tunapotaka kusikilizana vizuri.

Kwa sababu neno "faragha ya mgonjwa" limekuwa pazia zuri sana la kuficha mambo mengine. Mwandishi akija kuuliza kwa nini mtambo wa oksijeni haufanyi kazi, anaambiwa "tunalinda wagonjwa". Nesi akisema hana glavu, anatishiwa kwa "kutoa siri za hospitali". Mgonjwa anageuzwa ngao ya bosi. Hiyo si sitara, huo ni ufichaji. Mtungi mtupu hauna aibu ya kusitiriwa. Stoo isiyo na dawa haina faragha. Hati ya malipo haina aurat.

Katikati ya mwaka 2020 Rais aliagiza kila kaunti iwe na vitanda visivyopungua 300 vya kuwatenga wagonjwa. Swali la kihabari hapo ni: viko vingapi? Viko wapi? Vina magodoro na oksijeni, au ni vyuma tu vilivyopangwa kwa ajili ya ziara ya waziri? Ili kujibu hilo, kamera haihitaji uso wa mgonjwa hata mmoja. Inahitaji chumba, hesabu na mtu wa kujibu.

Juni 2021 ilipofika, Kisii na Nyamira zikawa miongoni mwa kaunti 13 za ukanda huu zilizotajwa kuwa na maambukizi makali, kafyu ikaanza saa moja jioni. Wafanyabiashara wetu walifunga mapema, bodaboda walipoteza kazi ya usiku. Watu walioumizwa hivyo walikuwa na haki ya kujua Hospitali ya Rufaa ya Kisii na ile ya Nyamira zina nafasi ngapi na oksijeni ya siku ngapi. Hayo ni mambo ya kuonyeshwa mchana kweupe.

Tena, tazameni habari iliyotikisa Kenya kuliko zote wakati ule. Agosti 2020, Dennis Okari wa NTV alitoa taarifa juu ya matajiri wa Korona, kuhusu zabuni za shirika la dawa la serikali, KEMSA. Nguvu ya taarifa ile ilitoka kwenye karatasi: nani alipewa zabuni, kwa bei gani, kampuni yake ina umri gani. Kamera ilifuata pesa, na taifa zima likaamka.

Chukueni pia habari ya Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28, aliyefariki kwa Korona Desemba 2020 baada ya kuhudumia wagonjwa huko Machakos. Wakenya hawakuuliza aonyeshwe akiwa kitandani. Kilichowachoma ni kwamba alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano. Ukweli ule ulitosha kumwamsha kila mwenye moyo.

Na yale mazishi ya Siaya ya Aprili 2020 je? Marehemu alizikwa usiku ndani ya mfuko, bila jeneza, na maafisa waliovaa mavazi ya kujikinga. Klipu ikaenea, nchi ikakasirika, familia ikaenda mahakamani. Kilichostahili kuonekana pale kilikuwa namna dola ilivyomtendea maiti. Huo ulikuwa ushahidi. Lakini kurudiarudia klipu ile siku nzima, na jina na kijiji, haikuwa ushahidi tena. Ushahidi unapelekwa kwa wanaoweza kuwajibisha. Maonyesho yanapelekwa kwa kila mtu mwenye bando.

Hapa pia Qur'ani inatuongoza. Katika Sura ya An-Nisaa tunafundishwa kwamba Allah hapendi maneno mabaya yatangazwe hadharani, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Tazameni mizani hiyo. Sitara ndiyo kawaida, na dhuluma ndiyo inayofungua mdomo. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe, au familia yake, wakisema, "Tumedhulumiwa, njooni mwone," mlango huo ni wao kuufungua. Mama akitaka uso wake uonekane ili serikali ione aibu, hakuna msimamizi wa hospitali mwenye haki ya kumnyamazisha kwa jina la faragha yake mwenyewe. Sitara ni mali ya mgonjwa, si ya ofisi.

Sasa sisi vijana tufanye nini? Maana Korona imepita lakini milango haijafungwa. Mpox iligunduliwa nchini Julai 2024 kwenye mpaka wa Taveta, na huo ni ugonjwa unaoonekana kwenye ngozi. Mnajua wenyewe picha za namna hiyo zinavyopendwa mitandaoni.

La kwanza ni simu zetu. Tukizungumza habari za kamera tunafikiria magari ya runinga, lakini kamera iliyowaumiza wengi zaidi iko mfukoni mwako. Ukienda kumtazama mgonjwa, simu ibaki mfukoni. Ukitumiwa klipu ya wodini, usiipeleke mbele, hata kwa nia ya "tumuombeeni dua". Dua haihitaji picha. Allah anamjua kwa jina. Na habari ukiletewa, hakikisha kwanza, kama Al-Hujurat inavyotuamrisha.

La pili, ukiona kasoro ya ofisi, piga picha ya kasoro. Mtungi mtupu, choo kilichofungwa, foleni ukiipiga kwa nyuma bila nyuso, tangazo la "dawa hakuna" mlangoni. Andika tarehe na saa. Nesi akikuambia jambo, linda jina lake, maana yeye atabaki pale kesho.

La tatu, tumieni haki ya habari. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinamruhusu raia yeyote kuandika barua na kuuliza ofisi ya umma. Wana siku 21 za kujibu. Na kama habari hiyo inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Nani kati yetu ameshawahi kuandika barua hiyo? Tunajua kulalamika kwenye TikTok, lakini barua yenye muhuri wa kupokelewa inawatisha zaidi. Wakikataa, kuna Tume ya Haki ya Utawala, wanayoiita Ombudsman. Mtu wako akianikwa na chombo cha habari, kuna Baraza la Vyombo vya Habari, na kuna Kamishna wa Data. Hatutozwi chochote kwa kujua haki zetu. Njooni tuandike pamoja. Anayejua kuandika barua amsaidie asiyejua.

La nne, wapigieni simu watangazaji wetu wa redio. Egesa FM inasikika mpaka jikoni kwa bibi. Redio haina picha, na bado inaweza kumuuliza waziri wa afya wa kaunti swali gumu asubuhi, watu wote wakisikia. Tuwasifu waandishi wanaouliza hivyo. Tusiwape umaarufu wale wanaotafuta machozi ya mgonjwa.

Ndugu zangu, harakati yetu inatetea haki za raia, na raia hapotezi uraia wake akivaa kanzu ya hospitali. Siku moja kila mmoja wetu atalazwa. Kitu ambacho ungetaka siku hiyo ni hewa kwenye mtungi, nesi aliyelipwa, na shuka iliyovutwa mpaka kifuani. Mawili ya kwanza yanahitaji macho ya watu wote. La tatu linahitaji watu wageuze macho.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awalinde wanaowauguza, na atusitiri duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.